Bao la Somoe Nililolinyanyulia Kibendera

Ndugu zangu mnaoshika filimbi na vibendera Masasi na Newala, mmeniomba niwaandikie niliyoyapitia kazini, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani sasa nina muda mwingi. Muda ninao kweli. Kilichopungua ni magoti. Mambo ya vyeo na madaraja nayaacha, maana hayajawahi kumsaidia mtu kuona nani ameotea. Nitaandika jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha, na ile mechi ambayo hadi leo nikiingia dukani Newala, mtu wa rika langu lazima aniulize. Nimeieleza hadi nimechoka. Naiandika ili mtu akiuliza tena nimpe karatasi.

Mimi ni binti wa Chidya. Baba alikuwa mwalimu wa dini, mama alilima, na nyumbani kwetu Jumapili haikuwa siku ya mpira. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi Kitangari. Siku ya kwanza mwalimu mkuu aliniuliza naweza kufundisha masomo gani, na kabla sijajibu akasema somo la michezo halina mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa michezo. Vifaa vilikuwa mpira mmoja wa ngozi, pampu ya baiskeli isiyo na sindano, na uwanja ulioinama upande mmoja kiasi kwamba timu iliyoshambulia kuteremka ilionekana hodari kuliko ilivyokuwa. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Upepo wa huku juu mnaujua. Kufika kipindi cha pili, mstari ulikuwa kichwani mwa mwamuzi tu.

Wavulana walikuwa na timu. Wasichana walikuwa na ndoo. Maji wakati ule yalichotwa mbali bondeni, na msichana akitoka shule kazi ilikuwa hiyo, kushuka na kupanda. Niliwafuata mama zao mmoja mmoja kuomba wawaache wacheze, wakanijibu kwa adabu kwamba mpira haujazi mtungi. Hawakukosea. Basi nikaanza kushuka bondeni na wasichana wenyewe, na ndoo yangu kichwani, tukienda wote kama timu na kurudi wote, na jua lililobaki ndilo likawa la mazoezi. Walimu wenzangu waliniona nimerukwa na akili. Lakini akina mama walilainika, na baada ya muda tulikuwa na timu, isipokuwa msimu wa korosho, maana wakati wa kuokota korosho hata kuku hawapumziki.

Katika timu ile alikuwepo Somoe. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mkimya darasani, na alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona tena kwa mtoto yeyote. Hakukimbia sana. Alisimama karibu na beki, anaangalia pengine kabisa, kama mtu anayesubiri kutumwa, halafu beki anashtuka hayupo. Baba yake, mzee Baba Somoe, hakupenda mpira wa wasichana, na alinieleza hivyo kila tulipoonana. Ila alikuwa anakuja kutazama. Alisimama nyuma ya goli, amegeuza uso kando, kama aliyepita njia tu.

Kibendera nilifundishwa na Baba Stefano, bwana afya wa Masasi. Alizunguka vijijini na pikipiki yake kukagua vyoo na visima, na mwisho wa wiki alichezesha mpira. Siku moja alikuja Kitangari kukagua choo cha shule, akanikuta nachezesha wasichana. Alisimama pembeni hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba nakosea karibu kila kitu lakini siogopi. Akanialika Masasi nijifunze.

Siku ya kwanza kushika kibendera ilikuwa mechi ya wanaume, kata mbili za Masasi zisizopendana. Nilivaa kaptula ya kuazima na soksi mbili zisizofanana. Watazamaji walicheka hadi nikasahau upande wangu, nikakimbia na mashambulizi ya timu isiyonihusu. Baba Stefano hakunikemea. Mapumziko aliniletea maji, akasema, "Mwanangu, usiangalie mpira. Mpira unatazamwa na watu wote hawa. Wewe tazama beki wa mwisho, na pasi uisikie kwa sikio."

Niliona ni maneno ya kuchanganya mtu. Baadaye ndiyo nikaelewa, na hili ndilo la kazi ninalotaka mlibebe hata mkiacha mengine yote. Jicho haliwezi kumwangalia mpigaji na mshambuliaji kwa wakati mmoja. Basi jicho liache kwenye mstari wa beki, na mguu ukigonga mpira, sikio litakwambia. Ukisikia ule mlio, piga picha kichwani: nani yuko mbele ya nani. Kinachotokea baada ya hapo si kazi yako. Nilijifunza hivyo miaka kadhaa, nikiwapanga wasichana wangu Kitangari, mmoja anapiga, mwingine anakimbia, mimi nimesimama pembeni na kitambaa kwenye kijiti. Aliyekimbia mara nyingi zaidi alikuwa Somoe. Nilimwambia ameotea mara nyingi, akabisha mara zote.

Halafu yakaja mashindano. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi za jirani huku kwetu kukutanisha timu za taifa za wasichana, nchi nne, Dar es Salaam. Leo mnaona ni jambo la kawaida. Wakati ule watu wengi hawakujua kama nchi ina timu ya wasichana, na ukweli ni kwamba ilikuwa inakusanywa palepale. Waliopita mikoani kutafuta wachezaji walimwona Somoe Masasi, wakamchukua siku hiyohiyo kwa maneno tu, bila karatasi. Wakataka pia wanawake wanaojua vibendera, ili ionekane mambo yamekamilika. Nchi nzima tulikuwa wachache sana. Baba Stefano akanitaja mimi.

Baba Somoe alikataa. Nilikwenda kwake na mkwe wake mmoja aliyekuwa anamsikiliza, tukakaa, tukazungumza mvua na mihogo kwanza, kama inavyotakiwa. Mwishoni nilimwambia, "Baba, nitamchukua mimi na nitamrudisha mimi." Kisha akasema kwamba mimi ni mtoto wa mwalimu wa dini na neno langu analichukua kama lilivyo. Tukasafiri.

Mashindano yenyewe sitayaeleza yote. Jezi za timu yetu zilikuwa za wanaume, zimekunjwa mikono. Wageni fulani walifika wakati wenzao wanapasha misuli. Mimi nilishika kibendera katika mechi za nchi nyingine, kwa sababu mwamuzi hachezeshi taifa lake. Jioni nilikuwa naloweka miguu kwenye beseni bwenini, na Somoe alikuja kukaa kitandani kwangu, anasimulia mabeki wa watu kana kwamba ni majirani zake wa Kitangari. Alikuwa amefunga karibu kila mechi. Watu wa Dar walianza kumjua kwa jina. Kulikuwa na maneno kwamba timu ikichukua kombe haitavunjwa, wasichana watapata kazi kwenye mashirika na kuendelea kucheza. Maneno yale waliyaamini wote. Na mimi niliyaamini.

Mechi ya mwisho tulikutana na majirani wa kaskazini. Wao walihitaji sare tu, sisi ushindi. Asubuhi ile mmoja wa waamuzi wasaidizi, mgeni kutoka nchi nyingine, aliamka na malaria, hawezi hata kusimama. Waliobaki wenye kujua kazi walikuwa wawili, mimi na mwanaume mmoja ambaye wiki nzima alikuwa anashangilia kwenye benchi letu. Wageni walimkataa yule bila kupoteza muda. Wakaniita mimi mbele ya kocha wao, mama mmoja mpole, mwalimu kama mimi.

Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Newala. Akauliza kama namfahamu yule namba tisa. Ningeweza kujibu kwa kifupi.

"Ni mwanafunzi wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha mpira, na nimekuja naye kutoka nyumbani."

Yule mama aliwatazama wenzake. Akanitazama tena. "Angalau umesema mwenyewe," akasema. "Haya, shika."

Nataka mfahamu kwamba sikuomba. Nilitamani wakatae nikakae jukwaani na njugu zangu kama watu wengine.

Uwanja ulijaa. Sikuwahi kusimama mbele ya watu wengi kiasi kile, lakini ukishaanza kukimbia na mstari, watu wanakuwa kelele ya mvua kwenye bati. Wageni walifunga mapema. Kipindi cha pili Somoe akasawazisha kwa kichwa, kwenye nguzo ya goli iliyo mbali na mimi, na nilisimama palepale na kibendera chini, uso umekauka, huku moyo unaruka. Baada ya hapo tulishambulia upande wangu muda mrefu. Wageni walirudi wote golini. Miguu ya wasichana wetu ilikuwa imeisha na bado walikimbia.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni pale winga wetu alipopata mpira karibu na mimi. Somoe alikuwa amesimama na beki wa mwisho, anaangalia pengine, kama kawaida yake. Niliyajua yale macho. Nikaweka yangu kwenye mstari. Nikasikia mguu unagonga mpira. Somoe alikuwa mbele. Halikuwa jambo la mwili mzima. Lilikuwa bega na goti. Lakini alikuwa mbele.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri. Somoe aliuchukua mpira, akampita kipa, akafunga. Uwanja wote ulisimama, na kwa muda mfupi mimi peke yangu pale ndani nilijua kwamba hakuna bao. Mwamuzi wa kati akageuka, akaniona, akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kwa wageni.

Somoe alikuwa anakimbia amefungua mikono. Alipoona wenzake wamesimama aligeuka. Hakumfuata mwamuzi wa kati kama wengine. Alitembea hadi kwangu polepole, akasimama mbele yangu, na akaniambia kwa Kimakonde, kwa sauti ndogo ili wengine wasielewe, kwamba hakuotea na mimi najua hakuotea. Mwamuzi hajibu. Nilitazama mstari mpaka akaondoka. Mechi iliisha sare, na kombe likaenda kaskazini.

Yaliyofuata pale uwanjani mnayajua kwa kuwa nanyi yamewahi kuwakuta, maji, chupa, maneno kuhusu mama yako. Mtu mmoja wa upande wetu aliniuliza nimelipwa na nani. Yule kocha mgeni alikuja kunipa mkono, nami nilitamani asije, maana watu walikuwa wanaona.

Sasa, neno nililompa Baba Somoe lilikuwa palepale. Nilimchukua mimi, namrudisha mimi. Tulipanda basi moja la kusini. Wakati ule daraja la Rufiji halikuwepo, mlivuka kwa kivuko, na barabara baada ya hapo ilikuwa matope ya kumeza gurudumu. Somoe alikaa kiti cha nyuma kabisa. Mimi mbele. Basi lilipokwama abiria wote tulishuka kusukuma, na mara moja nilijikuta bega langu liko karibu na lake, tunasukuma wote, tope hadi magotini, na hakuna aliyesema neno isipokuwa dereva. Basi lilipotoka tukarudi kila mtu kwenye kiti chake. Nimechezesha mechi ngumu nyingi maishani. Ile safari ilikuwa ngumu kuliko zote.

Redio ilitutangulia. Masasi stendi walijua, Newala walijua, Kitangari walijua zaidi. Nilimfikisha Somoe mlangoni kwao na nikamwamkia baba yake. Alinipokea vizuri, akanishukuru kwa kumrudisha mtoto mzima. Mpira hakuutaja, na hakunikaribisha kuketi.

Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alinishauri niseme kwamba mwamuzi wa kati ndiye aliyeamua. Nilikataa. Wanaume waliokuwa wananicheka zamani kwa kuvaa kaptula sasa walinisifu kwa kejeli kwamba nimeitetea vizuri nchi jirani. Watoto njiani walinyanyua vijiti nikipita. Timu yangu ya wasichana ilipungua hadi ikabaki ya kutosha mchezo wa rede tu. Wale akina mama niliobeba nao ndoo hawakunitukana hata mmoja. Waliitikia salamu yangu na kuendelea na safari yao, basi.

Nikashuka Masasi kwa Baba Stefano nikijua nitaacha. Alikuwa amekaa na korosho mbichi ambazo mwanakijiji mmoja alimpa. Akazimwaga mezani, akaniambia nimpangie wachezaji walivyosimama. Nikapanga: beki huyu, Somoe huyu, winga huyu. Aliuliza jua lilikuwa upande gani. Aliuliza nilikuwa nimesimama wapi. Kisha akazikusanya korosho zote kwa kiganja na kusema Jumapili kuna mechi ya kata, nisichelewe. Hakusema nimefanya vizuri. Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Nilikwenda Jumapili ile, na nyingi baada yake, hadi jaribio la kukimbia liliponishinda na nikabaki kufundisha wengine, nyie mkiwemo. Baba Stefano alifariki akiwa bado anapinga kadi yangu moja ya njano.

Timu ya taifa ya wasichana haikuitwa tena kwa miaka mingi. Zile kazi za mashirika hazikuonekana. Sijui kama kombe lingebadilisha kitu. Wakubwa wana sababu zao, na wakikosa moja wanapata nyingine. Lakini Somoe hakujua hivyo, wala mimi sina uhakika. Umri wake mzuri wa kucheza uliishia kwenye shamba la korosho. Aliolewa Mnyambe. Tulipokutana sokoni alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, na ilikuwa imeisha hapo. Miaka ikapita hivyo, shikamoo na marahaba, hadi nywele zake zikaanza kuota mvi na zangu zikawa nyeupe zote, zikaacha kunihangaisha.

Mwaka huu, muda mfupi baada ya mimi kuagwa shuleni, Somoe alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa namenya mihogo. Alivua kandambili, akaketi kwenye mkeka, akachukua kisu kingine bila kukaribishwa, tukamenya. Aliniuliza habari za magoti. Nikamuuliza habari za dawa ya mikorosho, kama imefika kwa wakati, akasema haijafika. Kisha, akiwa ameinama kwenye muhogo wake, akauliza jambo ambalo nililisubiri tangu kwenye lile basi.

"Mwalimu, siku ile uliniona kweli nimeotea? Au uliogopa watasema umenipendelea?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko mtu yeyote. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimejaribu hata kujikuta na hatia, maana ingekuwa rahisi zaidi: ningemwomba radhi na yakaisha. Kila mara nikirudi pale nasikia mguu unagonga mpira, na bega liko mbele.

"Nilikuona, mwanangu," nikasema. "Ningekuona hivyohivyo hata kama nisingemwambia yule kocha kwamba wewe ni mwanafunzi wangu. Na mkono uliniuma ukiwa juu."

Alimaliza ule muhogo, akauweka kwenye sufuria. "Nimekusikia," akasema. "Mimi sikuotea. Lakini nimekusikia."

Tukaendelea kumenya. Baadaye ndiyo akasema kilichomleta. Ana wasichana Mnyambe, anawafundisha mpira jioni. Wapo wawili watatu ambao anadhani watafika mbali, na siku hizi kuna mahali pa kufika. Anawafundisha kupiga na kukimbia, ila jambo la mstari hawezi kuwafundisha vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe, alisema bila kucheka, huwa anawaona wako sawa. Akaniomba niende.

Nilimwambia nimechoka, na sikuwa nasingizia. Akasema anajua. Akasema atamtuma mtu wa bodaboda, mwenye kuendesha taratibu.

Nilikwenda Jumamosi. Uwanja wao ni tambarare kuliko ule wa Kitangari. Niliwapanga wasichana, nikamweka Somoe acheze beki kwa kuwa sikutaka ugomvi, na asubuhi nzima tulifanya jambo moja tu, kusikia pasi na kukimbia. Wawili walishika haraka. Mmoja alibisha kila nilipomwambia ameotea, na Somoe alimkemea mbele yangu, akamwambia Mwalimu akisema umeotea, umeotea, rudi uanze upya. Aliposema hivyo alikuwa anaangalia pengine. Na mimi niliangalia pengine, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, kwa muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.